Nilipaka Rangi Nyekundu Mbao Mbichi

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, mjane, mama wa watoto wawili. Jina langu nimelificha, niiteni Mama Sara tu. Ninaishi Kenya, upande wa Bungoma, nafuga ng'ombe wawili na nauza maziwa. Ukiniona kanisani Jumapili na kitambaa changu cheupe utasema, huyu ni mama wa kuigwa. Usidanganyike!

Nimewasoma mkieleza mikasa yenu humu gazetini. Mwingine kaachwa na mume, mwingine kaibiwa na dada yake wa damu. Nawaonea huruma, lakini pia nawaonea wivu. Ninyi mlitendwa. Mimi nilitenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoolewa Mbale, Uganda. Sisi Wabukusu na Wagisu wa huko tunaelewana lugha, kwa hiyo sikujiona mgeni. Mume wangu nitamwita Gidudu. Alikuwa mpasuaji mbao, mwembamba, viganja vimekuwa vigumu, na mpole hadi anaudhi. Ukimuuliza jambo leo anakujibu kesho, akishalilalia! Mimi ni mtu wa kuruka kama mafuta kwenye kikaango. Watu walishangaa tulivyopatana, lakini tulipatana. Nilimpenda yule mwanaume... nilimpenda sana.

Tulipanga chumba kimoja Namakwekwe, pale Mbale mjini. Kazi yake ilikuwa kwenye miteremko ya mlima Elgon. Gogo linawekwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu, mwenzake anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao kutwa nzima. Alirudi nyumbani na unga wa mbao hadi kwenye kope. Na zile mbao zote zilikuwa mali ya watu wengine.

Wazo la kuanza biashara lilikuwa langu. Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, na maduka yao ya mbao kule Jinja yalikuwa yamefungwa au yamegawiwa watu wasiojua mbao wala kuni. Nyumba zao nazo zilichukuliwa na wakubwa, na wakubwa walitaka milango, vitanda, makabati. Nikamwambia Gidudu, utapasua utajiri wa wenzako mpaka lini? Alilala na swali hilo siku tatu. Siku ya nne akasema, haya, twende.

Tukapata kiwanja kidogo Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kando ya barabara kuu ya kwenda Iganga. Tulizungushia ua wa mabanzi, tukaezeka mabati upande mmoja, na chumba cha kulala kikawa nyuma. Yeye alikaa Mbale wiki mbili tatu akitafuta magogo na kupasua, kisha anakuja na lori. Mimi nilikaa Bugembe kuuza. Na kuuza nilijua! Mdomo huu ungeweza kumuuzia samaki maji.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo msiba ulipozaliwa.

Mti wetu ulikuwa ule mgumu wa mlimani ambao watu wa mbao huuita tiki ya Elgon. Ni mzito, una michirizi mizuri ya kahawia, na ukikauka hauliwi na mchwa wala hauozi. Lakini hauna haraka! Ubao wake mnene unataka mwaka mzima, tena kivulini, umepangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Ukiutumia mbichi utakaa vizuri siku za mvua, halafu jua likiingia unasinyaa na kupasuka.

Kwa hiyo Gidudu alikuwa na utaratibu wake. Mbao mbichi alizipaka lami nyeusi kwenye ncha zote mbili, zisipasuke upesi. Zikishatimiza mwaka alizigonga moja moja kwa nyuma ya shoka akisikiliza mlio. Ubao uliomridhisha aliukata ncha kidogo na kuupaka rangi nyekundu. Wateja aliwaambia, rangi nyekundu ni neno langu, ukiona nyekundu hata usiulize. Brashi yake aliifunga kwenye kitambaa, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nilikuwa nikimtania kwamba kama angenitunza hivyo na mimi ningekuwa malkia.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa taabu. Lori letu likitoka Mbale lilisimamishwa kwenye vizuizi vya wanajeshi, na kila kizuizi walishusha mbao wanazozitaka. Utasema nini? Siku zile mtu aliulizwa swali moja tu njiani na hakuonekana tena. Jirani yetu muuza mafuta ya taa alichukuliwa mchana, sufuria ikiwa motoni, na mkewe akaambiwa asiulize. Watu wa Jinja walikuwa wakinong'ona kuhusu mto na vitu vilivyokuwa vikielea kule bwawani. Ukisikia gari limesimama nje, unamvuta mtoto ndani.

Mwaka wa pili, siku moja ya mwezi wa kumi, gari lilisimama kwetu. Mvua zilikuwa zimepamba moto. Akashuka ofisa wa jeshi, mrefu, amevaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka. Nilikuwa peke yangu, Gidudu yuko Mbale.

Mnadhani alinifokea? Hata kidogo! Alivua kofia. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mchungaji.

"Mama, mimi nataka mbao ya mulango," akasema. "Mulango sita. Nimesikia mbao ya hapa ni ya kweli. Kama haijakauka, sema tu. Mimi nangoja, hakuna shida."

Mmesikia wenyewe? Alinipa nafasi! Sikushikiwa bunduki. Ningesema tu, afande, zilizokauka zimekwisha, rudi baada ya mwezi wa kumi na mbili, na yule mtu angevaa kofia yake akaenda zake. Ni kweli tulikuwa tumebakiwa na mbao nyeusi tupu.

Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupiga hesabu nyingine. Nilisikia kwamba mfanyabiashara akiwa na barua ya ofisa mkubwa, askari wa vizuizini hawamgusi. Niliwaza lori letu likipita Tororo, likipita Iganga, askari wanasoma barua na kupiga saluti... Nilitaka mtu huyu awe wetu. Nilitaka awe wetu siku hiyo hiyo, si mwezi wa kumi na mbili!

Nikasema, "Ziko kavu, afande. Njoo kesho kutwa nikupangie nzuri."

Alipoondoka niliifungua ile brashi. Nilikata ncha zenye lami kwa msumeno mdogo, nikapaka rangi nyekundu. Mbao ishirini na mbili, kwa mkono wangu huu ninaoandikia. Nilikuwa nikiimba!

Aliporudi alikuja na fundi wake, askari mfupi aliyekuwa seremala kabla ya jeshi. Fundi aliinua ubao mmoja, akaushusha, akaniangalia. "Mama, hii iko nzito," akasema polepole. Nikamjibu kwamba tiki ya Elgon ndivyo ilivyo, kama hana nguvu aite wenzake. Ofisa akacheka. Yule fundi hakucheka. Alijua, na mimi nilijua kwamba amejua, lakini zama zile aliyejua kitu alikimeza.

Milango ikatengenezwa, ikapendeza mno. Ofisa akaniletea barua yenye mhuri, akanishukuru kwa mikono miwili.

Gidudu aliporudi aliangalia rundo la mbao mbichi, akaona limepungua. Nikamwambia niliziuza kwa mfanyabiashara Mkenya aliyekuwa akirudi Kisumu, na kwamba amesema atazikausha mwenyewe. Na barua? Nikasema ofisa alinunua ule mzigo wa mwisho wa nyekundu, akafurahi, akaniandikia. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa mke wake, tena na mimba ya pili tumboni.

Miezi miwili tulistarehe. Lori lilipita vizuizini kama lina mabawa. Nilishona magauni mawili, nikawa natembea Bugembe nzima shingo juu.

Kisha mvua zikaisha.

Hamjui hofu ya jua, ninyi! Wengine walikuwa wakianika mahindi na kushukuru. Mimi kila nikiamka na kuona mbingu nyeupe, haina hata wingu, nilitoka kwenda kuzigusa mbao. Mbao mbichi zikipigwa na joto hulia. Ilipofika saa saba mchana rundo letu lilianza, ta! Kimya... halafu ta! tena. Nilikuwa nikipika na mwiko unaniponyoka. Nilijua kwamba saa hiyo hiyo, kule kwenye nyumba ya yule mtu, milango sita inalia vivyo hivyo.

Mwezi wa kwanza alipita kutusalimia. Akasema huku akitabasamu kwamba milango yake imeanza kupiga kelele. Nikacheka! Nikamwambia ni mbao inazoea nyumba mpya, kama bibi harusi. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akaenda.

Wakati huo Gidudu alikuwa ameleta mzigo mpya kutoka Mbale, mbao zilizoiva kabisa, ncha nyekundu za haki. Zingetosha milango sita na kubaki. Ningemwambia ukweli jioni ile, tungekwenda kwa ofisa wote wawili, tukabadilisha milango, tukaomba radhi. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza binti yetu Sara alilia. Mara ya pili... hakuna aliyelia. Niliogopa tu uso wake. Niliogopa mwanaume ambaye hakuwahi kuniinulia sauti, nikaacha kumwogopa yule ambaye watu walikuwa wakipotea mikononi mwake. Akili gani hiyo?

Mwezi wa pili, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, gari likasimama. Ofisa alishuka na askari wawili. Safari hii hakuvua kofia.

Gidudu alikuwa anapiga randa. Akaweka randa chini, akafuta mikono, akamsalimu. Ofisa hakuitikia. Akaonyesha rundo la mbao zilizoiva.

"Hii rangi nyekundu, nani anapaka?"

"Ni mimi, afande," Gidudu akajibu, tena kwa fahari. "Hakuna mwingine anayeigusa."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Ofisa akasema kwa ile sauti yake laini kwamba mlango wa chumba chake cha kulala umesinyaa. Umeachana na fremu, hata komeo halifiki kwenye tundu lake. "Mimi nalala, mulango haifungi," akasema. "Siku hizi, mutu kama mimi, mulango haifungi. Nani alikutuma?"

Ndipo nikaelewa. Sisi tulikuwa tukiwaogopa wao, kumbe wao walikuwa wakiogopana! Kule jeshini kulikuwa na maneno ya kupinduana na kuchinjana. Yule mtu hakuona ubao mbichi. Aliona adui aliyepanga mlango wake usifunge.

Gidudu aligeuka akaangalia rundo la mbao nyeusi. Halafu akaniangalia mimi, nikiwa nimesimama mlangoni na tumbo langu la miezi mitano, Sara ameng'ang'ania gauni.

Alijua. Wasomaji, nawaapia alijua! Yule mtu aliyehitaji siku tatu kujibu swali, siku hiyo hakuhitaji hata pumzi tatu.

"Hakuna aliyenituma, afande," akasema. "Ni kosa langu. Nilidhani zimeiva."

Na mimi? Mimi mwenye mdomo wa kumuuzia samaki maji? Nilisimama. Nilimwona akivaa shati lake, akifunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Nilimwona akiinamishwa na kuingizwa kwenye buti ya gari. Ulimi haukufa ganzi, nisije nikasingizia. Nilifunga mdomo kwa meno yangu mwenyewe, nikafikiria mimba yangu, na nikafikiria ngozi yangu zaidi.

Siku ya tatu nilikwenda hadi getini kwenye kambi yao. Nilisimama juani tangu asubuhi hadi ofisa akatoka. Aliniongelesha vizuri mno.

"Mama, bwana yako alikubali yeye mwenyewe. Mimi sikumulazimisha. Rudi nyumbani, lea mutoto." Akaanza kuondoka, kisha akasimama. "Ama uko na neno?"

Aliuliza hivyo. Ama uko na neno? Nikajibu, "Hapana, afande."

Gidudu hakuonekana tena. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna hata kiatu.

Nilifunga biashara, nikarudi Mbale kwa mama mkwe wangu, juu kijijini, na huko nikajifungua mtoto wa kiume. Ukoo ulingoja mwaka mzima, kisha wakazika mgomba mahali pa mwili wake, kwa sanda na sala, kama wanavyofanya kwa aliyepotea. Nililia hadi wakanishika mikono. Walidhani ni uchungu wa ujane.

Lakini msiba wenyewe haukuishia hapo. Habari zilikuwa zimeshafika Mbale kabla yangu. Gidudu alimpunja ofisa, aliuza mbao mbichi kwa rangi ya mbao kavu, tamaa imemponza! Wapasuaji wenzake, waliokuwa wakimwita mtu wa kweli, wakawa wanatikisa vichwa. Mama yake akipita sokoni wanawake walinyamaza ghafla. Mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mtoto akawa mfano wa ulaghai, nami nilikuwa nikisikia na kukaa kimya. Nilimnyima uhai, nikamnyima na jina.

Na yule mama... ah, yule mama! Kila Jumapili alipiga magoti kwenye udongo akasema, "Ee Mungu, msamehe mwanangu kwa kumdanganya mwenzake." Nami nilipiga magoti kando yake, na alipomaliza niliitikia, "Amina."

Baadaye nilivuka mpaka nikarudi kwetu na watoto. Utawala ule ukaanguka, barabara zikafunguka, nikawa nakwenda kumwona kila Krismasi na sukari na khanga. Kila mwaka niliapa njiani kwamba safari hii nitamwambia, na kila mwaka nilirudi na siri yangu.

Mara ya mwisho nilimkuta hawezi kuinuka. Watoto wangu, watu wazima sasa, walikuwa wameketi kitandani pake, mmoja kila upande. Alinishika mkono.

"Mama Sara," akasema, "wewe ulikuwa pale. Niambie nife nikijua. Mwanangu alikosa kweli?"

Mwanangu wa kiume aliinua macho akaniangalia, na ana macho ya baba yake. Kitu pekee nilichotakiwa kusema ni neno moja, hapana. Neno fupi kuliko yote!

Nikasema, "Alikosa, Mama."

Akafumba macho. "Basi Mungu amsamehe," akasema. Tukamzika siku tano baadaye.

Ndugu wasomaji, sasa mnajua. Watoto wangu wameisoma barua hii kabla yenu, niliwapa mwezi uliopita. Sara alilia, akanipikia chai, na tangu siku hiyo ananihudumia kama mgeni. Mwanangu aliikunja, akaiweka mfukoni, akaondoka. Hajanipigia simu. Sijui kama atanipigia, na sina haki ya kulalamika.

Kwa hiyo nawasihi, hasa ninyi wanawake wenzangu na vijana mnaoanzisha biashara. Mteja akikuuliza kama mali yako iko tayari, na haiko, mwambie haiko. Aende! Atapatikana mwingine. Lakini kama umeshadanganya, na kuna mtu analipa kwa ajili yako, usiseme utangoja watu watoke chumbani, usiseme Krismasi ijayo. Inuka wewe uliyekaa na gazeti hili mkononi, nenda ukaseme leo, hata kama watakutemea mate. Hayo mate utayafuta.

Na ninyi watu wa Mbale, kama yuko bado mzee mmoja anayemkumbuka mpasuaji mbao aliyepotea kwa kumpunja ofisa, naomba msikie kwangu mimi mjane wake. Gidudu hakumdanganya mtu. Ni mimi.